Chupa ya Sita

Machi 3
Mwalimu wa darasa la nne ameniita shuleni. Nilidhani kuna kosa. Hakuna. Anasema binti yangu anamaliza kazi kabla wenzake hawajafungua ukurasa, halafu anawauliza maswali mpaka nao wanashindwa kufanya yao. Shule haina darasa la watoto wa namna hiyo, kwa hiyo kila Ijumaa atampa mfuko wa mambo ya kufanya nyumbani. Mzazi ashiriki. Mzazi pia aandike kidogo kila siku, mtoto amefanya nini, amesema nini. Mwalimu mwenyewe hatasoma. Ni la kunisaidia mimi kumwona mtoto, alisema.

Nikasema sawa. Tangu mke wangu afariki nasema sawa kwa kila mtu. Ni rahisi.

Daftari hili nimelitoa kazini, kiwanda cha vitabu. Lilikatwa upande, haliwezi kuuzwa. Aliyelikata ni mimi.

Machi 4
Mvua zimeanza. Hakuna jambo.

Machi 7
Mfuko wa kwanza. Karatasi tupu na maelekezo: jenga daraja kati ya viti viwili bila gundi. Hakimu alikaa sakafuni mpaka chakula kikapoa. Hakimu ni jina alilopewa na mama yake, kwa sababu tangu aanze kusema, ukimwambia kitu anauliza, "Umejuaje?" Sasa ana miaka tisa na hajapunguza.

Daraja lilibeba sahani tatu na kikombe. Nikasema, "Safi sana."

Akaniangalia. "Mama angeuliza kwa nini halikuanguka."

"Kwa nini halikuanguka?"

"Sasa unaiga," akasema, akaanza kukusanya karatasi zake.

Machi 9
Mvua. Vyombo nimeosha.

Machi 12
Uji umeungua. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, mwiko mkononi. Hakimu akatoka chumbani amejiziba pua, akazima jiko, akanitazama kama anayehesabu kitu.

Niandike tu, daftari halina mdomo. Mimi sisikii harufu. Wiki ya mazishi nilishikwa na mafua makali, na mafua yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Kazini, Mzee Gundi anayebandika migongo ya vitabu akifungua ndoo yake wenzangu hukimbilia dirishani, mimi naendelea kukata karatasi. Wananisifu eti nina uvumilivu. Chakula nakitafuna kama boksi. Sijamwambia mtu. Ningesema nini? Mwanamume kafiwa na mkewe, halafu analalamikia pua.

Machi 14
Mfuko wa pili: chora nyumba yenu kama anavyoiona ndege. Alichora. Kitanda chetu amekichora cha mtu mmoja.

Machi 21
Mfuko wa tatu una kikaratasi tu: Tafuta swali ambalo hakuna mtu nyumbani kwenu anajua jibu lake. Buni jaribio. Rudia mpaka upate jibu.

Hakimu akataka chupa sita za jemu zenye vifuniko. Jirani wa chini, mshonaji, huwekea vifungo humo. Akavimwaga kwenye bakuli akampa Hakimu chupa zote sita.

"Swali lako ni lipi?" nikauliza.

"Bado linaiva."

Machi 23
Leo nimelikuta gauni la mama yake.

Nianze mwanzo. Baada ya mazishi, mama mkwe alifua kila kitu ndani ya nyumba hii. Mashuka, mapazia, nguo zote za mwanawe, siku mbili mfululizo, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Kilichosalimika ni gauni moja la bluu la kushindia nyumbani, kwa sababu lilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni likisubiri kushonwa mahali lilipofumuka. Nililiona siku nyingi baadaye, nikalifunga vilevile, nikalificha juu ya kabati. Sikumwambia Hakimu. Alijua, bila shaka.

Leo nimerudi kutoka dukani nimekuta gauni liko mezani, limekatwa. Halikuchanwa ovyo, limekatwa kwa rula na chaki, vipande vya mraba vilivyolingana, kazi ambayo hata kiwandani ningeisifu. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake.

Nilisimama. Niliingoja hasira. Nilijua hapo ndipo mahali pake, lakini haikuja. Niliona tu kwamba pindo la chini limebaki, na chaki imeanguka.

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Kwa ajili ya swali langu," akasema. "Harufu ya mama inakaa muda gani, na ikitunzwa wapi inakaa zaidi? Wewe unajua?"

"Sijui."

"Bibi anajua?"

"Hajui."

"Basi linafaa."

"Ungeniomba kwanza."

"Ungekataa. Halafu ingekwisha yote huko juu ya kabati, na tusingejua hata ilikwisha lini."

Akanionyesha kila kitu, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. Chupa ya kwanza itakaa dirishani kwenye jua, siku jua likiwepo. Ya pili kabatini gizani. Ya tatu kwenye friji. Ya nne itaachwa wazi bila kifuniko. Ya tano akasema, "Hiyo ni yangu mimi kujua." Ya sita ameifunga kwa nta ya mshumaa na haifunguliwi. Kila Jumapili tutanusa na kutoa alama, kuanzia sifuri, maana yake hakuna kitu, mpaka tano, maana yake mama yuko chumbani.

"Ila pua moja haitoshi," akasema. "Pua moja inaweza kukosea. Zinatakiwa mbili."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema sawa.

Machi 30
Jumapili ya kwanza. Alizivisha chupa soksi nisizitambue, akanifunga macho kwa taulo. Yeye alikuwa ameshanusa na kuandika zake. Anafungua haraka na kufunga haraka, anasema kila ukifungua kidogo kinatoroka.

Nilivuta hewa. Hewa tu. Nikasema nne. Halafu nne, tatu, nne, nne.

"Asante," akasema.

Aprili 2
Mashine ya kukata imegoma. Tumekaa. Mvua juu ya bati huwezi kuongea.

Aprili 6
Alama zangu ni karibu zile zile. Hakimu aliitazama karatasi yake kwa muda.

"Baba, una hakika?"

"Nina hakika."

Aprili 11
Sijui niandike vipi hili, basi niliandike lilivyokuwa.

Umeme ulikatika kiwandani tukaruhusiwa mapema. Nikarudi, nikaweka maji ya chai jikoni, nikafunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia. Nikakaa mezani. Huwa nakaa. Maji yalichemka yakafurika yakazima moto, na mimi nikiwa hapo hapo, sikuona. Gesi ikaendelea kutoka. Baadaye nikaona hakuna moto, nikachukua kiberiti. Nilikuwa nimeshatoa njiti.

Mlango ukafunguliwa, Hakimu akapiga kelele, "Usiwashe!" Sijawahi kumsikia akipiga kelele hivyo, hata makaburini. Alinipokonya kiberiti, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akanivuta mkono mpaka kwenye ngazi, kwenye mvua. Mfuko wake wa Ijumaa ulibaki mlangoni ukilowa. Jirani mshonaji alikuwa anapanda mbio, naye ameisikia kutoka chini.

"Baba wa watu, ulikuwa umelala?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

Hakimu alinibana mkono mpaka kucha zake zikaniingia. Wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha, kama nilitishika.

Kufikia jioni mama mkwe alikuwa na habari zote. Akapiga simu.

"Mwanangu, sikulaumu," akasema. "Ila mimi nimeshazika mmoja. Shule zikifungwa nakuja kumchukua. Huku kwangu kuna shule ina darasa la watoto kama yeye, na kuna mtu wa kumwangalia."

"Sawa, mama."

Hakimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Aprili 12
Alikuja na karatasi yake ya alama, akaketi mbele yangu.

"Chupa ya tano umeipa nne mara zote mbili."

"Ilikuwa inanukia."

"Ya tano siyo gauni la mama. Ni kipande cha kitambaa kilichobaki fundi aliposhona gauni. Mama hakukivaa hata siku moja. Nilikiweka ili kumkamata anayebahatisha."

Nikaikunja kona ya karatasi yake.

"Nilidhani unadanganya ili nifurahi," akasema. "Jana ndiyo nimejua. Hakuna mtu anakaa ndani ya gesi ili kumfurahisha mtu. Tangu lini?"

"Tangu mazishi."

"Harufu zote?"

"Zote."

Akafikiri. Halafu uso wake ukabadilika. "Kwa hiyo hata gauni lilipokuwa zima, wewe hukumsikia."

"Sikumsikia."

Hapo akalia. Alikuwa hajalia mbele yangu tangu siku ile. Nikamwekea mkono kichwani, mkono unajua kazi yake. Ndani yangu hapakuwa na kitu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu nimechoka kukamatwa.

Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa shati. "Alama zako zote nimezifuta. Njia ya mwongo fupi, baba."

"Kweli."

"Na kuanzia leo jiko nawasha mimi."

Aprili 14
Daktari ameangalia pua. Anasema mafua yanaweza kuua mishipa ya harufu, na inaweza kurudi au isirudi. Dawa hana. Ninuse vitu vinne vyenye harufu kali, asubuhi na jioni, huku nikikumbuka vilivyokuwa vinanukia zamani. "Umejuaje kwamba inasaidia?" Hakimu akauliza. Daktari akavuta kiti, na kuanzia hapo alikuwa anamweleza yeye, si mimi.

Kazini nilimwambia Mzee Gundi. Akacheka mpaka akaweka brashi chini. "Kumbe siyo uvumilivu! Mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe ndugu yangu ulianzia kwenye kilio kabisa." Nami nikacheka, au mdomo ulicheka.

Aprili 15
Sasa mwenye mazoezi ya nyumbani ni mimi. Ndimu, karafuu, kahawa, sabuni ya kufulia. Hakimu ananishikia, anaandika. Sifuri nne.

Mtungi wa gesi nimeuhamishia nje kwenye kibaraza. Komeo la dirisha la jikoni nimeling'oa, halifungiki tena. Mvua inaingia, tunapangusa.

Aprili 16
Sifuri.

Aprili 17
Sifuri. Mvua.

Aprili 20
Jumapili. Chupa ananusa peke yake sasa. Dirishani sifuri, ya wazi sifuri, kabatini mbili, kwenye friji tatu. Ya tano sifuri, kama inavyotakiwa.

"Na ya sita?"

"Haifunguliwi."

"Ya nini basi?"

"Ya mwisho," akasema, akairudisha nyuma ya friji.

Aprili 25
Mfuko wa Ijumaa: pima mvua kwa chupa. Akasema hilo ni la watoto wadogo, lakini akalifanya.

Mei 2
Karafuu imeniwasha puani. Nikashtuka, nikamwambia. Akasema kuwasha siyo harufu, hata pilipili inawasha macho na macho hayanusi. Sifuri.

Mei 4
Kabatini sifuri. Kwenye friji mbili. Leo alikaa na chupa ya friji muda mrefu kuliko sheria yake inavyoruhusu. Nikajifanya natafuta kijiko.

Mei 7
Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Lakini nimegundua naamka kabla hajaniita. Nazisubiri zile ndimu zetu.

Mei 9
Mwalimu ameniuliza kama ni kweli Hakimu anahama. Nikasema bibi yake ameamua. Akasema, "Na wewe umeamua nini?" Nikasema gari linanisubiri. Hapakuwa na gari.

Sitaki aende. Nimeliandika ili nilitazame kama ni kweli. Ni kweli.

Mei 16
Tulikuwa tunakunja nguo. Akaniuliza bila kunitazama, "Baba, kuhusu kwenda kwa bibi. Sifuri mpaka tano, unataka niende?"

"Sifuri."

Akaacha kukunja. "Mbona hukusema?"

"Niliona mtoto kama wewe anafaa kukaa na mtu aliye mzima."

"Umejuaje?"

Sikuwa najua. Nilikuwa nimebahatisha, kama na zile chupa.

"Mwambie bibi," akasema.

"Nitamwambia."

Mei 18
Kwenye friji moja. Akaandika moja, akaifuta, akaandika tena moja.

Mei 23
Shule zimefungwa. Mama mkwe amefika na mvua, viatu mkononi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekonda." Akauangalia mtungi kibarazani, akaliangalia dirisha lisilo na komeo. Akamwita Hakimu, "Haya, mke mwenzangu, umeshafungasha?" Ndivyo anavyomtania tangu akiwa mchanga. Hakimu akasema amefungasha nusu.

Nilitaka kumwambia. Nikamkaribisha chai.

Mei 24
Leo nitaandika mpaka karatasi iishe.

Asubuhi mama mkwe aliteka jiko. Hatukuruhusiwa kugusa. Alibandika maharage, akatuambia safari ni mchana, barabara zikiharibika atakwama na mtoto njiani. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mama, mimi naomba abaki." Sauti ilitoka ndogo.

"Mwanangu, ungelipua nyumba."

"Ndiyo."

"Na pua imepona?"

"Haijapona."

"Sasa unaniomba nini?"

Nikasema namwomba binti yangu. Sikuwa na hoja nyingine. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Hakimu akaingia kati. Akasema kabla ya yote lazima jaribio lifungwe, na siku ya kufunga pua zinatakiwa tatu. Akapanga chupa mezani ndani ya soksi zake, zote tano, akamweleza bibi. Mama mkwe alikuwa hajui habari ya gauni. Alipoelewa kilichomo, alikaa chini.

"Kuna nguo haikufuliwa?" akauliza.

"Moja, bibi."

Akafungwa macho kwa taulo. Chupa ya kwanza akaivuta, akashika meza. "Tano," akasema. Ya pili, "Tano. Mwanangu huyu." Ya tatu tano, ya nne tano. Hakimu hakunyanyua uso, aliandika tu. Ilipofika ya tano, kile kitambaa ambacho mke wangu hakukivaa hata siku moja, mama mkwe aliishika kwa mikono miwili akaibana kifuani.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema, taulo limelowa. "Hii ndiyo yeye kabisa. Nilifua kila kitu, jamani. Nilidhani nasafisha nyumba."

Hakimu akanitazama. Nilijua swali liko ulimini mwake, nilimjua tangu alipoanza kusema. Nikatikisa kichwa kidogo. Akaandika tano. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumuuliza mtu amejuaje.

Ikafika zamu yangu. Sikufungwa macho, mimi sihitaji. Nikainama kwenye ya kwanza, nikasema sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu, ile ya friji, nikavuta kwa nguvu zote, nikikumbuka kama daktari alivyosema: shingo yake, mafuta yake ya nywele, alivyokuwa akirudi kutoka kuanika nguo. Sifuri.

Halafu kulikuwa na kitu. Hakikutoka kwenye chupa. Kilikuwa mbali, chembamba, kichungu, kama kinatoka nyumba nyingine.

"Maharage," nikasema.

"Maharage gani?" akauliza mama mkwe, chupa bado kifuani.

"Yanaungua."

"Mbona mimi sisikii," akasema Hakimu.

Nilikuwa nimeshafika jikoni. Maji yalikuwa yamekauka, ya chini yameshika weusi, moshi ndiyo kwanza unaanza kunyanyuka. Nikazima. Nikafunga mtungi kibarazani, nikarudi. Halafu badala ya kuondoa sufuria nikasimama juu yake nikavuta, nikavuta tena, na kila nikivuta kilikuwepo. Nikalia. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima, juu ya maharage yaliyoungua, na yote yaliyokuwa hayaji tangu mazishi yakaja pale pale kwa mkupuo mmoja.

Walinikuta hivyo. Mama mkwe akachungulia sufuria, akanichungulia mimi, akarudi kwenye sufuria.

"Mimi mwenye pua nzima," akasema taratibu.

Akavuta kigoda akakaa. Mvua ilikuwa inaingia kwa lile dirisha, akaiacha imlowanishe miguu.

"Mtungi unalala nje?" akauliza baadaye.

"Unalala nje, mama."

"Na jiko anawasha nani?"

"Mimi," akasema Hakimu.

"Basi mke mwenzangu, fungua ile nusu uliyofungasha." Akanyanyuka, akachukua sufuria akaanza kuikwangua mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa.

Mei 25
Leo mama mkwe ameondoka peke yake. Kabla ya kutoka alifungua friji kutafuta maji, akaiona chupa iliyofungwa kwa nta.

"Na hii?"

"Ya sita," akasema Hakimu. "Hiyo haifunguliwi mpaka pua ya baba ifike tatu."

"Jana ilifika ngapi?"

"Moja."

Mama mkwe aliishika kidogo, akairudisha mahali pake polepole. "Ikifika mniite," akasema. Akavaa viatu.

Nilipokuwa natoa taka nikawaza jambo, nikarudi ndani. Nikamwambia Hakimu: harufu iliyomo kwenye chupa ya sita inaweza kuisha yenyewe kabla mimi sijafika tatu. Yeye pua yake ni nzima. Anaweza kuifungua leo, sasa hivi, akampata mama yake mara moja ya mwisho, tano kamili.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana ufanye haraka."

Akanisogezea ndimu.